Uzi: Kunyoa makwapa na kinena bila vipele wala weusi, kwa ngozi zetu na maji yetu ya Lamu

Mfungua uzi (Lamu)

Assalamu alaikum, ndugu zangu wa Lamu, Malindi na kwingineko. Kazi yangu ni kutayarisha maharusi hapa mtaa wa Langoni, na kila msimu wa harusi unapokaribia napokea lalamiko lile lile kutoka kwa wasichana, mama zao, na hata kaka zao wanaowatuma dada waniulize kwa niaba yao: mtu ananyoa jioni, usiku ngozi inawasha, na baada ya siku chache makwapa na kinena vimejaa vipele ambavyo vikipona huacha madoa meusi. Nimeona ni vyema niyaandike haya mahali pamoja, kwa utulivu, kwa sababu ni jambo ambalo watu huona haya kuliuliza na kwa hiyo huishia kujitibu kwa ndimu na spiriti.

Ninaloliamini baada ya kuzihudumia ngozi nyingi ni kwamba wengi wetu huumia kwa kutaka kunyoa chini mno. Mtu hapitishi mkono akaridhika mpaka asihisi hata kijishina kimoja, naye hurudia wembe mara tatu na nne mahali pale pale akiivuta ngozi kwa vidole. Nywele za wengi wetu wa pwani zimejipinda tangu ndani ya tundu lake. Ukiivuta ngozi, unywele huchomoza zaidi ya kawaida; ukiukata hapo kisha ukaiachia ngozi, ncha yake hurudi ndani, chini ya uso wa ngozi, na imekatwa kwa mshazari hivyo ina makali. Unywele uliojipinda unapoanza kukua kutoka hapo hautafuti mlango, bali hutoboa ukuta wa tundu na kuingia katika nyama. Njia ya pili ni unywele uliokwisha kutoka nje, ukajikunja, ukashuka na kuingia tena kwenye ngozi pembeni ya mahali ulipotokea. Mwili huuona unywele huo kama mwiba uliotoka nje, huupiga vita, na vita hivyo ndivyo kipele, mwasho na uvimbe.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, simama karibu na dirisha asubuhi na uangalie kwa kioo kipele kimoja cha kinena ambacho hakijapasuka. Mara nyingi utaona uzi mwembamba mweusi uliolala chini ya utando wa ngozi, umejikunja kama kitanzi, ncha zake zote mbili zimezama. Hakuna uchafu pale wala hakuna jini. Kitanzi kikiwa kimeonekana juu kabisa, kinaweza kuinuliwa taratibu kwa ncha ya sindano safi iliyochemshwa, na ukishainuka uachwe hivyo hivyo, usinyofolewe, kwa sababu ukiunyofoa utaota upya kutoka ndani na safari itaanza tena. Kikiwa kimezama, usikichimbe. Kanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, acha kunyoa eneo hilo kwa wiki kadhaa, na unywele wenyewe utarefuka na kujitoa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kukubali kuacha kijishina kidogo sana. Mashine ya umeme ya kukatia nywele, ikiachwa bila kugandamizwa kwenye ngozi, huacha kama milimita moja, na kwa mtu mwenye vipele vya mara kwa mara hiyo ndiyo dawa inayoshinda krimu zote nilizowahi kuziona zikiuzwa. Wala hatuna sababu ya kujilazimisha kunyoa kila baada ya siku mbili. Sisi tuliokulia katika dini tunajua kwamba kunyoa kinena na kuondoa nywele za kwapa ni katika mambo matano ya maumbile, na katika hadithi ya Anas bin Malik mpaka tuliowekewa ni kwamba zisiachwe kupita siku 40. Ndani ya muda huo ngozi ina nafasi kubwa ya kupumzika, na usafi wa mtu haupungui.

Kwa anayetaka wembe, afanye hivi. Anyoe usiku, baada ya kuoga na si kabla, ili asitoke mara moja kwenda juani na kutokwa jasho katika baibui. Nywele zikiwa ndefu zipunguzwe kwanza kwa mkasi au mashine, kwa kuwa wembe unaoburura nywele ndefu ndio unaoichuna ngozi. Aloweshe eneo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu kwa dakika tano hivi, kwani unywele uliofyonza maji hulainika na kukatika bila kuvutwa. Kisha apake kitu cha kutelezesha wembe: krimu ya kunyolea isiyo na manukato, au mafuta ya nazi mepesi chini na povu juu yake.

Hapa lazima niseme juu ya maji, maana ushauri tunaousoma kutoka kwa watu wa miji mingine haulijui jambo hili. Maji matamu ya Lamu hutoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela, lakini nyumba nyingi huoga kwa maji ya visima vya mitaani, na mengi ya hayo yana chumvi. Sabuni ya mche katika maji hayo haifanyi povu la maana. Hugeuka utando mweupe unaoganda kwenye ngozi, na mtu hunyoa akidhani amepaka kitu kumbe wembe unapita juu ya ngozi kavu. Utando huo usiposuuzwa hukausha ngozi na kuiwasha usiku kucha, na lawama zote hutupiwa wembe. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Weka kando kopo moja la maji matamu, au ya mvua ikiwa nyumba yenu bado ina jabia, kwa ajili ya kunyolea na kusuuzia peke yake. Mengine yote oga kwa maji yoyote.

Wembe wenyewe uwe mpya au umetumika mara chache tu, nao uwe wa makali mamoja. Zile nyembe zenye makali matatu hadi matano zimetengenezwa ili makali ya kwanza yainue unywele na yanayofuata yaukate chini zaidi, na hilo kwa nywele zilizojipinda ndilo tunalolikimbia. Nyoa kwa kufuata upande unywele ulikolala, usiivute ngozi, usigandamize, suuza wembe kila baada ya mpito, na usirudie mahali ambapo hapana tena povu. Kwapa lina ugumu wake kwa sababu nywele zake hazielekei upande mmoja: za juu huelekea juu, za chini huelekea chini, na katikati pengine huzunguka. Pitisha kidole kabla hujapaka chochote ujue zinalala wapi. Vilevile mkono ukiinuliwa juu kabisa ngozi ya kwapa huvutika yenyewe, kwa hiyo ushushe kidogo mpaka ngozi ilegee bila kukunjamana. Kinenani, nyoa juu kushuka chini, nawe uishie kwenye ngozi ya nje tu. Sehemu laini za ndani hazihitaji wembe na hazifai kuguswa nao.

Ukimaliza, suuza kwa maji ya baridi, kausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua, na upake mafuta mepesi yasiyo na harufu. Vaa pamba usiku huo. Kanga au kikoi vinatosha, kwa sababu nguo ya ndani ya nailoni inayobana husugua mashina yaliyokatwa karibuni na kuyarudisha ndani.

Na sasa yale yasiyofaa. Ndimu isipakwe kwenye ngozi iliyonyolewa kwa hali yoyote. Mbali na asidi yake kuchoma, maji ya ndimu yakiwa kwenye ngozi kisha jua likaipiga, huleta mchomo wa malengelenge na doa jeusi linalokaa muda mrefu, na jua letu halihitaji msaada. Spiriti na dawa ya kuulia vijidudu isiyochanganywa na maji hukausha na kuunguza. Shabu hufunga damu ya mkwaruzo mdogo vizuri, na vinyozi wetu wanaitumia kwa haki, lakini ipakwe pale panapotoka damu tu na isuuzwe, isisuguliwe kwapa zima. Mshubiri unapoza, ila ukikata jani lisimamishe kwanza lidondoshe ule utomvu wa manjano, kwani huo ndio unaowasha. Kinachotakiwa ni ute mweupe wa ndani.

Kuhusu singo najua nitapingwa. Naipenda singo na ni sehemu ya kazi yangu, lakini singo husuguliwa, ina viungo na manukato, na ngozi iliyonyolewa saa chache kabla haiwezi kuistahimili. Bi harusi anyolewe siku mbili au tatu kabla ya singo, wala asisuguliwe kwa dodoki katikati. Mama wanaotaka yote yafanyike katika usiku mmoja nawaomba kwa dhati wamwonee huruma binti yao, kwa sababu yeye ndiye atakayekaa na mwasho katika siku za fungate.

Mchangiaji (Malindi)

Wa alaikumu salaam, dada. Mimi vipele si vingi, lakini makwapa yamekuwa meusi kiasi cha kuona haya kuvaa nguo isiyo na mikono hata nyumbani. Nimenunua dukani krimu ya kung'arisha na wiki za mwanzo ilionekana kusaidia, ila sasa ngozi imekuwa nyembamba na inawaka nikipaka chochote. Nifanyeje?

Mfungua uzi

Mdogo wangu, asante kwa kuuliza waziwazi. Ngozi nyeusi ikichokozwa hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi, na kila mchokozo wa wembe, wa manukato au wa kusugua huongeza tabaka la weusi juu ya lile la kwanza. Rangi hiyo hupungua kwa miezi, si kwa wiki, na haitapungua kabisa ikiwa mchokozo bado unaendelea. Krimu uliyoieleza, kwa dalili ulizozitaja, inafanana na zile zenye dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo hutuliza haraka kisha huichakaza ngozi ikawa nyembamba na yenye mistari. Katika makunjo kama kwapa dawa hiyo hupenya zaidi kuliko mahali pengine. Nenda na kasha lake kwa daktari au mfamasia aliyesomea, akueleze namna ya kuiacha.

Wakati huo huo acha wembe kabisa na upunguze nywele kwa mashine. Dawa ya kuzuia jasho usiipake usiku ule ule wa kupunguza nywele, na ukiweza chagua isiyo na pombe, manukato wala magadi. Jambo jingine: ikiwa weusi huo ni mnene, laini kama mahameli, na upo pia shingoni nyuma, basi huenda hausababishwi na kunyoa hata kidogo. Ngozi ya namna hiyo mara nyingi huonekana kwa watu ambao miili yao haiitumii insulini vizuri, na inafaa kupima sukari kabla ya kununua krimu nyingine.

Mchangiaji (Shela)

Salaam, dada yetu. Ingawa umeandika juu ya makwapa, mimi ni mwanamume wa mashua na tatizo langu ni shingo na kidevu. Nanyoa alfajiri, naingia baharini asubuhi, na ikifika jioni shingo nzima inawaka. Kwa kinyozi nako hutokewa na vinundu kisogoni ambavyo vimeanza kuwa vigumu.

Mfungua uzi

Kaka, chanzo ni kile kile, na shingoni kinazidi kwa sababu nywele za hapo hulala pande nyingi. Kunyoa alfajiri na kuingia katika maji ya chumvi saa chache baadaye, kisha jua na upepo wa kusi vikakaushia chumvi hiyo kwenye ngozi, ni kuongeza kidonda juu ya mkwaruzo. Hamishia kunyoa usiku, tumia mashine inayoacha kijishina, na utokapo baharini jimwagie maji matamu shingoni kabla chumvi haijakauka. Ikiwa kazi yako inakuruhusu kufuga ndevu, zifuge. Vipele vingi vya kidevu huisha vyenyewe nywele zikirefuka, japo wiki za kwanza mwasho huweza kuzidi kabla haujapungua.

Vinundu vigumu vya kisogoni usivipuuze. Kwa watu wetu huweza kugeuka makovu yanayokua kupita kidonda kilichoyaleta, na yakishakua kuyatibu ni kazi ndefu. Mwambie kinyozi asikunyoe kisogo kwa wembe wala asiigandamize mashine, na umwone daktari wa ngozi mapema vikiwa bado vidogo. Na popote unaponyolewa, wembe ufunguliwe mbele ya macho yako au uende na wako. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo kuufuta wembe kwa kitambaa au kuuchovya katika maji hakumkingi mtu. Hilo ninalisema pia kwa ndugu wa nyumba moja wanaoachiana wembe bafuni.

Mchangiaji (Lamu, Mkomani)

Mwanangu, nimekusoma vyema. Lakini sisi tulifundwa kwamba kwapa hunyonyolewa, halinyolewi, na kwamba anayeanza wembe nywele zake huota nene na nyingi. Kwa nini usiwafunze wasichana kunyonyolea asali ya sukari na ndimu kama tulivyofunzwa?

Mfungua uzi

Shikamoo, bibi yangu. Ni kweli kwamba sunna katika kwapa ni kunyonyoa, na aliyezoea tangu ujana haoni tabu. Hata hivyo imepokewa kwamba Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata hapa, alikuwa akinyolewa makwapa na akasema anajua kuwa sunna ni kunyonyoa ila haustahimili uchungu wake. Kwa hiyo tusiwatie hatia wasioweza.

Kuhusu unene wa nywele, niruhusu nisikubaliane nawe kwa heshima. Unywele unaokua wenyewe una ncha iliyochongoka. Ukikatwa, kinachotokeza ni shina lenye ncha butu, nalo mkononi huhisiwa gumu na machoni huonekana nene. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Mildred Trotter alilichunguza jambo hili kwa vipimo akachapisha matokeo mwaka 1928, na hakuona kwamba kunyoa kunaongeza unene wala kasi ya kuota. Kinachowatokea wasichana wengi ni kwamba huanza wembe katika umri ule ule ambao nywele zao zingenenepa hata wasipozigusa.

Asali ya sukari ni njia nzuri na inapikwa kwa vitu vilivyomo jikoni, na ndimu ikishapikwa humo kisha ikasuuzwa haina ubaya wa ile inayopakwa mbichi. Wanaoitumia waache nywele zifike kama nusu sentimita, waipime joto kwa kifundo cha mkono, na wasiirudishe juu ya ngozi iliyokwisha kuvutwa. Lakini nayo haizuii vipele kwa kila mtu. Unywele uliong'olewa huota ukiwa mwembamba na laini, na pengine hushindwa kutoboa ngozi, ukabaki umejikunja ndani. Msichana anayepata vipele kwa asali asilazimishwe kuendelea kwa sababu tu mama yake haimdhuru.

Mchangiaji (Malindi)

Na zile krimu za kuondolea nywele zenye harufu ya kiberiti?

Mfungua uzi

Hufanya kazi kwa kuivunja protini ya unywele, na kwa kuwa ngozi pia ina protini hiyo, muda ulioandikwa kwenye kasha usipitishwe hata kwa dakika moja. Jaribu kidogo mkononi na usubiri siku nzima. Isitumike siku moja na wembe, wala kwenye sehemu laini za ndani. Faida yake kwetu ni kwamba unywele huachwa na ncha isiyo kali, hivyo baadhi ya watu hupata vipele vichache kuliko kwa wembe.

Niongeze hapa, kwa kuwa nimeulizwa pembeni: kipele kimoja kimoja si ugonjwa wa kukimbilia hospitali, lakini ukiona jipu linalokua, usaha, homa, au eneo linalozidi kuwa na joto na uvimbe, nenda ukatibiwe, na mwenye kisukari asisubiri hata siku moja. Katika ngozi zetu wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo pima kwa joto na maumivu. Majipu yanayorudi kila mara makwapani na kwenye mapaja, yakiacha mashimo na makovu, pengine ni maradhi yenye jina lake na tiba yake, na mwenye nayo asiambiwe tena kwamba ni mchafu.

Mchangiaji (Lamu)

Dada, mimi nina mimba ya miezi minane. Jirani zangu wananiambia lazima ninyoe kinena kabla sijaenda kujifungua, nami tumbo limenizuia hata kuona chini. Je, mume wangu aninyoe?

Mfungua uzi

Allah akujalie salama, dada. Hulazimiki. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba akina mama wasinyolewe kinena kama desturi kabla ya kuzaa kwa njia ya kawaida, kwani kunyoa huko hakujaonekana kuwakinga na maambukizi, na kwa wembe usiouona ni rahisi kujikata. Oga kwa maji na sabuni isiyo na manukato, inatosha. Ukitaka kupunguza kwa ajili ya raha yako, mumeo atumie mkasi wenye ncha butu au mashine, kukiwa na mwanga wa kutosha, nawe umeegemea mto bila kulala chali moja kwa moja. Na ikitokea umepangiwa upasuaji, usinyoe nyumbani kabisa, kwa sababu mikwaruzo midogo ya wembe ndiyo inayowapa vijidudu mlango karibu na kidonda. Nywele zikionekana kuzuia kazi, wahudumu watazipunguza wenyewe kwa mashine hospitalini.